UZI: Mradi wa kanisa kijijini unaishi au unakufa kwa nini? Wa Kigoma na Tabora tuandike kwa vipimo

Mwana_Malagarasi (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa upande wa pili. Majirani zetu wa Ujiji, asalam aleikum, maana mada hii inawahusu sawasawa.

Kila mwaka makanisa yanapeleka watu vijijini katika mikoa hii miwili. Wapo wanaotoka Ulaya, Korea na Marekani, lakini siku hizi wengi ni Watanzania wenzetu: wainjilisti, makatekista, masista, wachungaji waliohamishiwa mahali ambapo gari la abiria linafika mara mbili kwa wiki. Wanaenda na neno, na karibu wote wanajikuta wana kisima, zahanati, darasa au mizinga ya nyuki mikononi mwao. Uchungu mkubwa unaowapata ni kuona kitu kilichozinduliwa kwa vigelegele kimesimama mwaka wa tatu, na watu wamerudi kuchota mtoni.

Naomba tuwasaidie walioko huko na wanaojiandaa kwenda. Tusiandike ushuhuda wa mtu binafsi. Andika unachokijua kwa vipimo: kina, lita, gharama zinavyokokotolewa, nini huharibika kwanza na kwa nini. Naanza kwa kuweka msimamo wangu: mradi wa kanisa huamuliwa na maswali matatu yanayopaswa kujibiwa kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Mali ni ya nani? Spea inauzwa wapi? Nani ana ufunguo siku mmisionari akihama? Karibu.

FundiMserereko

Mkuu umefungua vizuri. Niseme ya maji kwa upande wa milimani: Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko na safu za juu za Kigoma Vijijini. Huko Mungu ametupa chemchemi. Inashangaza kuona mtu analeta mtambo wa kuchimba kisima kirefu wakati mlima uko juu ya kijiji na maji yanatoka yenyewe. Anza na mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka mlimani hadi kijijini. Hauna injini, hauna betri, na fundi wa kijiji anauelewa kwa macho.

Kupima chanzo: fanya kazi hiyo mwishoni mwa kiangazi, Septemba hadi Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Ukipima Machi unajidanganya. Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu, kinga maji yote kwa bomba fupi na udongo, pima mara tano, chukua wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa na lita 43,200 kwa siku nzima. Sera ya Maji ya 2002 inataka kila mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu wasiozidi 250. Ukigawa, hesabu inakupa watu 1,728. Usipange kwa watu hao wote. Kuna yanayovuja, kuna mwaka wa ukame, na watoto wanazaliwa. Panga kwa watu 1,000 hivi, basi miaka 15 ijayo hakuna atakayekulaani. Na kwa kuwa watu hawachoti usiku, weka tenki: saa kumi za usiku zinakusanya lita 18,000, kwa hiyo tenki la lita 20,000 linatosha.

Sasa kosa linaloua chemchemi nyingi. Fundi anataka maji yatoke juu ili ndoo iingie vizuri chini ya bomba, anajenga ukuta na kuweka bomba la kutokea juu kuliko jicho la maji, yaani pale yanapotokea ardhini. Maji yanarundikana nyuma ya ukuta, yanasukuma kurudi ardhini, yanatafuta njia nyingine. Miezi sita baadaye bomba limekauka na maji yanatokea mita 20 pembeni kwenye shamba la mtu. Bomba la kutokea liwe chini ya usawa wa jicho, hata kama itabidi uchimbe ngazi za kushukia. Mguu unazoea ngazi. Chemchemi iliyohama hairudi.

Utaratibu wenyewe: fuata maji kwa jembe taratibu kurudi nyuma mpaka ufike yanapotokea kwenye mwamba au udongo mzito, usilipue wala kupiga nyundo kwenye mwamba huo. Jenga ukuta wa mawe mbele. Nyuma yake jaza mawe yaliyooshwa, makubwa chini na kokoto juu, kisha karatasi nene ya nailoni, kisha udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Weka bomba la ziada la kutolea maji yakizidi. Upande wa juu, mita 8 hadi 10, chimba mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie. Zungushia uzio. Choo, zizi na kaburi vikae mbali, pungufu kabisa mita 30, na ikiwezekana zaidi ya mita 50. Usipande mikaratusi juu ya chanzo, inakunywa maji kuliko kijiji.

Binti_Buha

Naongezea kidogo kwenye bomba la kushukia kijijini maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. PN ni daraja la mgandamizo ambao bomba linaweza kubeba: la PN6 linabeba mgandamizo wa mita 60 za mwinuko, PN10 mita 100, PN16 mita 160. Milima ya Buha ni mikali. Tenki likiwa mita 95 juu ya bomba la mwisho, PN10 inakuwa kwenye ukingo wake, na mtu akifunga koki ghafla, mshtuko wa maji unaipasua. Ama tumia PN16 sehemu ya chini, ama jenga katikati tenki dogo la kupunguza mgandamizo, ambalo maji yanamwagikia humo na kuanza upya. Kwenye vilima weka vali ya hewa, kwenye mabonde weka vali ya kusafishia tope. Bila vali ya hewa mtaona maji yanatoka tenki na hayafiki mwisho, na mtadhani bomba limeziba, mtafukua kilometa mbili bure.

Mtaro wa bomba uwe na kina cha mita 1 shambani, la sivyo jembe litalifikia. Na kuhusu nguvu kazi ya wananchi: kilometa 3 kwa kaya 150 ni mita 20 kila kaya. Usigawe kwa kamba tu. Kaya iliyoangukia kwenye mwamba itachimba wiki tatu, jirani yake siku nne, na hapo ugomvi umezaliwa unaoitwa ugomvi wa kanisa. Tembea njia yote kwanza na wazee wa vitongoji, sehemu za mawe zichimbwe na wote kwa pamoja. Kazi ifanyike Juni hadi Septemba. Ukiitisha mtaro Desemba watu wako shambani, na wana haki.

Karani_wa_Parokia

Wakuu, milele amina. Mimi niseme ya karatasi, kwa sababu nyingi ya huzuni hizi zinaanzia ofisini.

Eneo. Mzee wa kijiji anasimama ibadani anasema, "Nimetoa ekari mbili kwa kazi ya Mungu." Watu wanashangilia, ujenzi unaanza. Mzee anafariki, wanawe wanarudi kutoka mjini na kudai shamba la baba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 jambo hili lina mlango wake: mtoaji, mke wake na watoto wake watu wazima waandike na kusaini, halmashauri ya kijiji ijadili, mkutano mkuu wa kijiji uridhie, muhtasari uandikwe na kusainiwa na mwenyekiti na mtendaji, upigwe mhuri, na orodha ya mahudhurio iambatishwe. Chora ramani, weka mipaka kwa miti inayojulikana au mawe. Nakala tatu: kijijini, kanisani, halmashauri ya wilaya. Mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi kwa jina lake nje ya uwekezaji, kwa hiyo mmisionari asikubali kuandikwa jina lake hata kwa upendo.

La pili ni usajili. Kanisa limesajiliwa kama jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukianzisha shirika la maendeleo linalopokea misaada kutoka nje, hilo ni jambo lingine lenye sheria yake ya mwaka 2002 na msajili wake. Msichanganye akaunti ya sadaka na akaunti ya mradi. Mfadhili akiuliza fedha za bomba mkamjibu zilitumika kwenye mazishi ya mzee wa kanisa, hata kama mlikuwa na nia njema, hamtapata tena.

Mmisionari wa kigeni anaishi kwa kibali cha ukaazi daraja C. Kinaisha. Anzeni kushughulikia upya miezi mitatu kabla. Daktari wa kigeni hawezi kumshika mgonjwa kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata akija kwa wiki mbili tu na sanduku la vifaa. Wageni wa muda mfupi wanakasirika wakiambiwa hivi. Wavumilie, ni kinga ya mgonjwa.

Nyota_ya_Ujiji

Samahani, mimi si Mkristo ila nimeusoma uzi wote na naukubali. Naomba mtie mkazo jambo moja. Kisima kikichimbwa ndani ya uzio wa kanisa, hata bango likiandikwa "maji ni ya wote", mama wa Kiislamu anapita mbali. Anaona ataulizwa, au ataonekana na majirani amebadili dini kwa ndoo ya maji. Na hata Wakristo wa dhehebu jingine hujisikia wageni. Kituo kikae kwenye njia, karibu na shule au soko, nje ya uzio.

Mwana_Malagarasi (mleta uzi)

Ndugu yangu, ahsante sana. Hili liandikwe kwa wino mzito. Kisima ndani ya uzio pia kinamfanya mchungaji kuwa mlinzi, mkusanya pesa na hakimu wa foleni kwa pamoja, na hiyo si kazi aliyoitiwa. Tangu 2019 kuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na maji ya kijiji yanasimamiwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, ambamo wajumbe wanachaguliwa na wananchi. Kanisa liingie humo kama mdau, lisiunde kamati yake ya pembeni inayoshindana.

Mzee_wa_Unyanyembe

Vijana, naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu mengi ya haya yalishatokea kwenye ardhi hii hii.

Mwaka 1876 na 1877, London Missionary Society, wamisionari Waprotestanti wa Uingereza, walijaribu kufika Ziwa Tanganyika kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani. Roger Price aliijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Walikuwa wameleta usafiri uliofanya kazi vizuri Afrika ya Kusini, mahali pasipo na mbung'o wale. Walifika Ujiji 1878 kwa miguu na wapagazi. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki la Kardinali Lavigerie, waliondoka Marseille mwaka huo huo na wakafika Ujiji Januari 1879, wakiwa wamempoteza Padri Pascal njiani kabla ya Tabora. Urambo kwa Mtemi Mirambo alikuja Dr. Southon wa London Missionary Society mwaka 1879, akatibu watu, akafa 1882. Kituo cha Urambo kikayumba miaka mingi mpaka Wamoraviani walipokipokea 1898. Kazi iliyosimama juu ya mtu mmoja ilisimama naye na ikalala naye.

Sasa mlinganishe na Adrian Atiman wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwafrika wa magharibi, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta, akafika Karema 1889. Alitibu watu wa kando ya ziwa hadi alipofariki 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67. Alioa hapo, alizungumza lugha ya pale, alizikwa pale. Nikiulizwa tumaini la kazi hii liko wapi, naonyesha kaburi lile. Na leo hii sura yake iko kwa tabibu Muha wa hospitali ya Heri au Kabanga na muuguzi Mnyamwezi wa Ndala, Sikonge au Nkinga. Hospitali hizo zilianzishwa na wageni wa madhehebu tofauti, na zinasimama kwa mikono ya wazawa.

Fundi_Pampu_Nzega

Mzee wangu shikamoo, umetufundisha.

Turudi kwenye mabomba, sasa upande wa Tabora. Huku hakuna chemchemi za kutegemea. Chini yetu ni mwamba wa itale, maji yako kwenye nyufa. Unaweza kuchimba mita 80 ukapata vumbi, na mita 50 pembeni ukapata maji. Kwa hiyo usikubali kuchimba bila upimaji wa ardhini, na kwenye mkataba andika wazi nani analipia shimo kavu. Mkataba ukiwa kimya, atakayelipa ni kanisa.

Kibali cha kuchimba na cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde. Sehemu kubwa ya Tabora na Kigoma yote iko Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi zake ziko Kigoma mjini. Igunga upande wa Manonga na Wembere maji yanaelekea Bonde la Kati, hao wako Singida. Watu wanapeleka barua bonde lisilo lao, miezi inakwisha. Na mbuga za udongo mweusi za Igunga na Nzega zikilowa mtambo hauingii: chimba kati ya Juni na Novemba.

Pampu ya mkono. Nira AF85 inafaa mpaka mita 15 hivi, kisima kifupi. Afridev mpaka mita 45. Maji yakilala chini ya hapo achana na Afridev, wanawake watapampu kwa uzito mpaka vyuma vikatike, fikiria India Mark II ya aina ya visima virefu zaidi (Extra Deepwell) au pampu ya sola. Kisima kitoe angalau lita 700 hadi 1,000 kwa saa ndipo uweke pampu ya mkono. Pima maji maabara kabla ya kujenga sakafu, hasa floridi: kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukanda wa Bonde la Kati una historia nayo. Maji yenye tindikali, pH chini ya 6.5, yanakula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Baada ya mwaka maji yanakuwa mekundu, chai inakuwa nyeusi, nguo zinaharibika, na watu wanakiacha kisima kilicho kizima. Weka mabomba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu.

Uzuri wa Afridev ni huu: pistoni na vali ya chini vinatolewa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe. Spana moja na kifaa cha kuvulia vali vinatosha, na akina mama wawili waliofundishwa wanaimaliza kazi asubuhi moja. Kinachochakaa ni raba ya pistoni, bobini za vali (vipande vidogo vinavyofungua na kufunga maji), oringi (pete za raba) na bushi za plastiki za mkono. Raba badilisha kila mwaka kabla haijakatika, bushi ukiona mkono unacheza pembeni. Pampu nyingi mnazoziona zimekufa zilikosa kipande cha plastiki unachoweza kukifumba mkononi.

Baada ya kufungua kisima kwa matengenezo, tia dawa. Gramu 75 za unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 kwa kila lita 1,000 za maji yaliyomo. Koroga kwanza kwenye ndoo, mimina, acha usiku kucha bila mtu kuchota, asubuhi pampu mpaka harufu iishe. Maji hayo ya kwanza yasiende kijitoni.

Mkunga_Kijijini

Wapendwa, niandike ya zahanati. Nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe, kwa sababu hapa kosa linalipwa kwa uhai wa mama.

Umeme wa sola. Tuchukue betri ya maji ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 200. Kwa karatasi ina Wh 2,400 (wati-saa, yaani wati mara saa za matumizi), lakini ukitaka ikae miaka, tumia nusu tu, 1,200. Taa sita za LED za wati 7 kwa saa 6 ni Wh 252. Taa ya chumba cha kuzalishia, wati 20 kwa saa 6, ni 120. Mashine ya kufyonzea ute, wati 100 kwa nusu saa, ni 50. Kompyuta ya taarifa, wati 45 kwa saa 4, ni 180. Jumla ni kama Wh 600, na siku mbili za mawingu zinavumilika. Kisha mlinzi anaanza kuchaji simu za kijiji. Simu janja moja ni kama Wh 15. Simu 40 ni Wh 600 nyingine kwa siku. Betri inashuka kila usiku chini ya nusu, sahani zake za ndani zinashika ukoko mgumu, na baada ya mwaka mama anajifungua kwa mwanga wa tochi ya simu ile ile. Kama kijiji kinahitaji kuchaji, na kinahitaji kweli, weka paneli na betri ya pembeni, iwe mradi wa vijana, mapato yaingie mfuko wa betri ya zahanati.

Friji ya chanjo isiunganishwe humo kabisa. Iwe ile inayoendeshwa moja kwa moja na paneli yake bila betri. Chanjo ni nyuzi 2 hadi 8, na baadhi zinaharibika zikiganda kuliko zikipata joto kidogo, kwa hiyo usisukume kichupa kwenye ukuta wa barafu.

Vifaa vya msaada. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60, sisi 230 na hezi 50. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Taa itawaka, lakini mashine yenye mota, kama ya kutengeneza oksijeni, itazunguka polepole, itapata joto, itakufa. Mwambieni rafiki mfadhili kabla hajapakia kontena. Dawa za msaada: mwongozo wa WHO unataka ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika nchini, na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) lazima iidhinishe. Vidonge vya sampuli vilivyochanganywa kwenye mfuko havina kazi. Kuviteketeza kuna gharama, na gharama hiyo inabebwa na zahanati.

Homa: pima kwanza kwa kipimo cha haraka, ndipo dawa mseto. Ila kwa mikoa yetu, mtu anayetoka porini kurina asali au kuwinda, homa haisikii dawa, ana kidonda cha kung'atwa na usingizi wa ajabu, fikiria malale. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La fedha: sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hawalipi. Zahanati ya kanisa isiyo na mkataba wa huduma na halmashauri inabaki kuchagua kati ya kumtoza mama na kukosa mshahara wa muuguzi. Makubaliano ya serikali na makanisa ya 1992 yalifungua njia ya mikataba hiyo, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii iliundwa mwaka huo huo. Tumieni njia hiyo. Tena jiandaeni: kila serikali ikitangaza ajira mpya, wauguzi wa kanisa wanaomba, na ni haki yao. Kinachowabakiza wengine ni mshahara wa tarehe inayojulikana, nyumba yenye choo na maji, na shule ya mtoto. Maombi bila nyumba hayamtoshi mkunga wa zamu ya usiku.

Asali_Sikonge

Mimi niweke fupi la nyuki, maana makanisa mengi yanagawa mizinga.

Mzinga wa viunzi vya juu, yaani mbao ambazo nyuki wananing'iniza masega: kiunzi kiwe na upana wa milimita 32 kwa nyuki wetu. Fundi akikata 35 au 38 kwa kufuata kitabu cha Ulaya, nyuki wanajenga sega moja likishika viunzi viwili na hutaweza kufungua bila kuvunja. Mizinga ya magome inaua miyombo, mti uliobanduliwa gome mduara mzima hauponi. Rina sega lililofunikwa nta kwa sehemu kubwa. Asali yenye unyevu zaidi ya asilimia 20 itachacha dukani. Chuo cha Nyuki kipo Tabora mjini, hakuna sababu ya kuleta mwalimu kutoka mbali. Na msigawe mizinga 10 kwa kila mtu bure. Mpe mtu miwili, akiijaza aongezewe kwa mkopo wa asali.

Binti_Buha

Kuhusu mmisionari mwenyewe, nalo tuliseme kwa upole. Wageni wengi hawashindwi na chakula wala malaria. Wanachoka kwa kuombwa kila asubuhi mlangoni, karo, dawa, nauli ya msiba, na kila "hapana" inawauma. Awe na utaratibu unaojulikana: maombi ya msaada yapitie kwa wazee wa kanisa au kamati ya huruma, siku moja kwa wiki, na kiasi cha mwezi kijulikane. Nyumbani kwake akae kama jirani. Kiswahili kwanza, miezi sita bila mradi wowote. Kisha Kiha au Kinyamwezi hata cha salamu: bibi wa Tabora akisikia "mwangaluka" kwa mgeni, anaweka jembe chini na mazungumzo yanaanza. Mikutano ya kijiji wanaume wanaongea Kiswahili, wanawake wanaokijua chanzo cha maji wanaongea kwa lugha yao nyuma. Asiyeijua hawasikii.

Mwana_Malagarasi (mleta uzi)

Nimejifunza mengi. Fundi_Pampu, swali la mwisho: mfuko wa matengenezo ukusanywe vipi, na spea zikae wapi? Kamati nyingi zinakusanya miezi minne kisha kimya.

Fundi_Pampu_Nzega

Mkuu, zinanyamaza kwa sababu zinadai kila mwezi kwa mtu anayepata pesa mara moja kwa mwaka. Januari na Februari ni miezi ya njaa, ukimdai mama shilingi elfu moja ya pampu hana, ataona haya, ataacha kuja, na kesho yake jirani naye ataacha. Chukua kituo cha watu 250, tuseme kaya 50. Kila kaya 12,000 kwa mwaka, ilipwe Julai hadi Septemba mahindi yakiuzwa na malipo ya tumbaku yakitoka, kwa pesa au debe la mahindi linalouzwa na kamati. Hiyo ni 600,000. Wajane wasio na nguvu wataje hadharani wasamehewe, wasiachwe wajifiche. Pesa iingie benki au kwenye laini ya simu ya kikundi yenye namba za siri za watu watatu, angalau mmoja mwanamke, na salio lisomwe kwenye mkutano wa kijiji kila robo mwaka, hata kama halijaguswa.

Spea zisikae kwenye kabati la mchungaji. Peleka seti mbili za raba, bobini, oringi na bushi kwa mwenye duka la spea za baiskeli pale senta. Anunue yeye kwa mtaji wa kuanzia uliokopeshwa na mradi, auze kwa faida yake ndogo, arudishe mtaji. Yeye yupo siku zote, anafungua dukani asubuhi, na akiishiwa ataagiza mwenyewe mjini pamoja na tairi na cheni. Na kabla mmisionari hajafunga mizigo, mafundi wa kijiji waifungue pampu na kuifunga mara tatu, yeye akiwa amekaa chini ya mti bila kushika spana.